Ukurasa wa Pili wa Barua ya Mwalimu Emerance

Baba Padri, wazee wa ukoo, walimu waliofundisha na marehemu, majirani wa mtaa huu wa Kasuku na ninyi nyote mliokesha nasi tangu Jumamosi, familia inawasomea leo, Jumatatu tarehe 17 Novemba 1986, maisha ya Mwalimu Emerance Mwavita, na aliyepewa kazi ya kuyaandika na kuyasoma ni mdogo wake, Thaddée, muuguzi wa dispanseri ya mtaa, ambaye humu amejiandika kwa jina lake kama wengine, kwa maana hakuona haki ya kuwaandika watu wote halafu yeye akae nje ya karatasi. Wazee walimwambia aandike kwa ufupi, aseme aliugua, Mungu akamtwaa, basi. Mtamsamehe, haitakuwa fupi.

Emerance alizaliwa Kalima tarehe 14 Machi 1942, binti wa kwanza wa mzee Kalonda, mfanyakazi wa machimbo ya bati. Thaddée alizaliwa miaka saba baadaye, na mama yao alipofariki kabla mtoto hajaota meno, dada mtu akamfunga mgongoni kwa kitenge, akaenda naye hadi shuleni kwa masista, wakanung'unika wiki mbili, wakazoea. Ndiyo maana Thaddée hakumwita Emerance kwa jina maisha yake yote, alimwita yaya, yaani dada mkubwa, na siku nyingine, akiwa na homa, alimwita mama.

Alimaliza shule ya msingi Kalima mwaka 1955, akaja Kindu kusomea ualimu, akapata diploma yake tarehe 2 Julai 1959, akiwa wa pili darasani, na akiulizwa wa kwanza alikuwa nani, alijibu kwamba alikuwa msichana mwenye taa nzuri kuliko yake. Septemba hiyohiyo alianza kufundisha darasa la kwanza hapa Kasuku, na hakuliacha darasa hilo miaka ishirini na saba, isipokuwa ile miezi ya vita ya 1964, watu wote walipokuwa porini, na hata huko porini aliwafundisha watoto kuandika kwa kidole kwenye majivu. Wengi mliosimama hapa mlipita mikononi mwake, na mnaikumbuka sheria yake moja, kwamba barua husomwa hadi saini. Mtoto aliyesoma mstari wa kwanza akabahatisha mengine, alisimamishwa, akaanza upya mbele ya wenzake. Thaddée ndiye aliyekuwa wa kwanza kusimamishwa, tena nyumbani, akiwa na miaka mitano, mbele ya maneno ya makaa juu ya sakafu.

Tarehe 6 Agosti 1966 alifunga ndoa na Fortunat, mfanyabiashara wa Butembo mwenye lori la njia ya Lubutu. Kulikuwa na walioguna kwamba Mnande ni mtu wa mbali, naye akawajibu kwamba njia ya kwenda Butembo ndiyo hiyohiyo ya kurudia. Mungu aliwapa mabinti wawili, Bernadette mwaka 1968 na Élisabeth mwaka 1971, na majina ya ubatizo yalipoondolewa kwenye karatasi za serikali mwaka 1972, alichukua jina la bibi yake, Mwavita, ila nyumbani alibaki Emerance. Mwaka 1979 mama yake Fortunat, Mama Kavugho, akaja kukaa nao, na mkwe na mamamkwe wakapika sombe katika chungu kimoja miaka saba bila ugomvi wa kusikika hadi barabarani, jambo ambalo katika mtaa wetu si dogo.

Sasa ugonjwa. Siku ya Jumanne, tarehe 12 Novemba 1985, saa nne asubuhi, mtu alifika mlangoni pa darasa akasema kwamba lori la Fortunat limeanguka kabla ya Lubutu na hakupona mtu. Habari ilikuwa ya uongo, lori lililoanguka lilikuwa la mwingine, lakini hilo lilijulikana jioni. Emerance aliweka chaki mezani, akasema kuna jiwe limekaa kifuani, maumivu yakapanda hadi kwenye taya na kushuka mkono wa kushoto, jasho likamtoka, akaanguka mbele ya watoto. Daktari wa hapa alimpima akasema ni moyo, sehemu ya moyo imekosa damu. Masista wakahangaika kwa barua na simu, na mwezi wa pili mwaka huu wakampeleka Ubelgiji, ambako madaktari waliingiza mpira mwembamba hadi moyoni na kuipiga picha mishipa yake, kisha wakamrudisha Kindu tarehe 4 Aprili, na barua ya kurasa mbili.

Jumapili iliyofuata ukoo ulikusanyika uani, barua akapewa Thaddée, kwa kuwa ndiye mganga wa familia na Kifaransa chake kilitoka kwa marehemu mwenyewe. Akasoma ukurasa wa kwanza kwa sauti, kwamba mishipa mikubwa ya moyo iko wazi, hakuna hata mmoja ulioziba. Loo, vigelegele vilivyopigwa siku ile! Wazee wakacheza, na Thaddée, katikati ya furaha hiyo, akaikunja barua akaitia mfukoni. Emerance peke yake aliuliza kama imekwisha, naye akamjibu, "Yaya, mengine ni maneno ya kiganga tu, moyo yako iko muzima."

Ukurasa wa pili aliusoma kwake, peke yake, na hakuuamini. Shuleni kwao walifundishwa kwamba moyo hushambuliwa pale mshipa unapoziba, na bomba lisiloziba halina ugonjwa, akajiambia kwamba Wazungu wanamfariji mwanamke mwenye woga. Mnajua ule ujinga wa mtu aliyesoma kidogo? Ndio huo. Barua akaiweka chini ya sanduku la bandeji. Dawa alizokuja nazo zilipokwisha mwezi wa saba, dada akauliza zitatoka wapi nyingine, akaambiwa hana haja nazo. Kila aliposema kifua kinabana, aliambiwa ni mawazo, ni uchovu, ni umri wa wanawake, mpaka akaacha kusema. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, lakini huyu hakuficha lolote, aliyeyaficha maradhi yake ni mdogo wake.

Alhamisi iliyopita, tarehe 13 Novemba, Mama Kavugho alikuja kwa miguu hadi dispanseri. Jumamosi ilikuwa salongo, ile kazi ya pamoja, na walimu wote walitakiwa kujaza mashimo ya barabara kabla ya sherehe za serikali za tarehe 24, na asiyekwenda alitakiwa kuonyesha cheti cha mganga. Mama yule alisema kwamba mkwe wake sasa anapumzika mara tatu kati ya kisima na jiko, kwamba usoni amekuwa na rangi ya majivu, akaomba cheti, siku tatu tu. Alisema kwa Kiswahili chake cha Butembo, mbele ya wagonjwa, "Baba, mimi sikusoma, lakini ule mutoto iko mugonjwa, ninamuona kila siku." Thaddée akamjibu kwamba hata Ulaya walitazama hawakuona kitu, akamwita mgonjwa mwingine.

Hapa Thaddée angeweza kunyamaza, mkaamini kwamba alikosea kwa kutojua tu. Ukweli ni kwamba aliogopa pia. Wauguzi walikuwa wameonywa kwamba atakayewaandikia ndugu zake vyeti ataitwa kujieleza, na ile habari ya mishipa iliyo wazi ilimpa pa kujificha. Halaumu salongo, sote tulikuwa kwenye salongo, yeye mwenyewe alikuwa na jembe lake, hatua mia moja kutoka pale.

Jumamosi tarehe 15 Novemba, saa nne asubuhi, Emerance alijitwika beseni la mchanga kwa mara ya sita, akalitua polepole kama mtu aliyesahau kitu, akaketi juu ya mchanga, akalala. Walimu wenzake walimbeba kwa baiskeli hadi hospitali, na saa tano na dakika ishirini akakata roho, akiwa na miaka arobaini na minne, amemwacha mume na mabinti wawili.

Ndugu, tangu Jumamosi Mama Kavugho ameketi nyuma ya jiko, amezuiwa kuikaribia maiti. Ukoo wetu unasema kwamba Wazungu waliitazama mishipa wakaikuta safi, basi kilichomla ni nini kama si mamamkwe? Thaddée aliyasikia hayo Jumamosi, akayasikia Jumapili, akanyamaza, kwa sababu yalimfaa. Asubuhi hii alifungua sanduku la bandeji. Barua ni hii, mnaiona, na ukurasa wa pili unasema hivi:

"Mishipa kuwa wazi hakumaanishi kwamba mgonjwa hakushambuliwa. Moyo wake una kovu, na shambulio lilikuwa la kweli. Kwa wagonjwa kadhaa, zaidi wanawake, mshipa hujikaza kwa muda kisha ukaachia, au ile midogo isiyoonekana kwenye picha hushindwa kazi, na kipande cha moyo kilichokufa hakirudi. Anaweza kushambuliwa tena. Asiache dawa. Asibebe mizigo. Akisema anaumwa, aaminiwe."

Halafu iko saini. Imesomwa sasa hadi saini, miezi saba imepita, na mwalimu wake hayupo wa kumsimamisha, kwa hiyo amesimama mwenyewe.

Familia inawashukuru madaktari wa hapa na wa Ubelgiji, ambao waliona sawasawa, masista waliomsafirisha, walimu waliosukuma ile baiskeli, majirani walioleta kuni, maji na mikeka. Shukrani ya mwisho ni kwa Mama Kavugho, ambaye katika ukoo mzima wenye wasomi wake ndiye pekee aliyemwamini mgonjwa, na Thaddée anawaomba wazee, na kama hawataki basi anawaomba Bernadette na Élisabeth, waende jikoni sasa hivi, wamshike bibi yao mkono, wamlete hapa, kichwani pa jeneza, mahali pake. Jeneza halitainuliwa kabla hajaketi. Thaddée mwenyewe hamwombi msamaha leo, maana msamaha wa hadharani ni rahisi, ataufuata nyumbani, kwa miguu, kama mama yule alivyokuja dispanseri.

Yaya Emerance, uliombewa siku tatu. Mdogo wako uliyembeba mgongoni alikunyima. Pumzika sasa, pumzika kwa amani, hakuna tena wa kukudai cheti.