Muhuri Ulionyooka

Asanteni, wenzangu wa kikundi, kwa kunipa nafasi. Naona chai iko tayari pale nyuma, kwa hivyo sitawachelewesha, ingawa wanaonijua wanajua kwamba nikianza kueleza jambo huwa narudi mwanzo mara tatu. Mkiona narudi, kohoeni kidogo.

Sitataja jina la mtu. Mama yangu nitamsema tu kama mama, na yuko hapa, safu ya tatu, yule mwenye kitambaa cha kijani na kikapu magotini. Yeye ameniruhusu. Ameniambia pia nisitie chumvi.

Kazi yangu ni kuandika mabango. Sikusomea. Niliacha shule kidato cha pili, nikajifunza herufi nyumbani kwetu Kinoo kwa kunakili kalenda za zamani na vichwa vya magazeti, kwa rula na penseli, mpaka nikaweza kuandika jina la duka bila rula. Ndipo nikapata kazi mjini, kwa mzee mmoja Mhindi anayetengeneza mabango na mihuri katika duka alilorithi kwa baba yake. Siku ya kwanza alinipa karatasi kumi nyepesi, akaniambia niandike "Karibu" kwenye kila moja. Nilipomaliza alizishika zote pamoja kwenye mwanga wa dirisha. Maneno yote kumi yalilaliana kama neno moja. Akasema, "Kesho kuja saa mbili."

Ndugu zangu, nawaambia, hiyo ndiyo ilikuwa sifa yangu yote duniani. Mkono usiotikisika. Sikuwa na elimu, sikuwa na cheti, nilikuwa na mkono.

Ugonjwa ulianza kwa kurudia. Nikishaandika bango, Jumapili narudi kulitazama kama herufi hazijapinda. Baadaye nikawa narudi kila jioni, mtaa wa Westlands, kisha ule wa Spring Valley kwenye geti la watu, mpaka askari wa hapo akaniuliza kama naitafutia nyumba ile wezi. Halafu usingizi ukakatika. Halafu chakula. Mwisho nikawa nalala tu nimeangalia ukuta, na mama akanipeleka hospitali, kliniki ya wagonjwa wa nje.

Wenzangu mnaoenda kliniki mnajua nikisema benchi. Unakaa mwisho wa benchi, wa mbele akiingia wote mnasogea, unapokea joto la mwenzako aliyekuwa amekaa hapo. Unasogea hivyo kuanzia asubuhi hadi saa saba, na ukifika ndani unakaa dakika nne. Mkononi una kitabu chako. Kwa wale wasiojua, ni daftari la kawaida la shule. Daktari anaandika humo, wanapiga muhuri wa tarehe, unarudi nalo nyumbani. Kwetu madaktari walikuwa wanabadilishwa, Jumanne hii huyu, mwezi ujao mwingine. Hakuna aliyenikumbuka. Kitabu ndicho kilichonikumbuka.

Siku ile ya kwanza daktari alizungumza na mama kwa muda. Sikusikiliza. Ukutani palikuwa na tangazo ambalo herufi zake zilikuwa zimeachana vibaya, nikawa nalipanga upya kichwani. Nakiri hilo kwa sababu lilikuja kunigharimu.

Dawa zilinisaidia. Baada ya majuma kadhaa nilikula, nikaoga, nikarudi dukani. Lakini mkono ukaanza kutetemeka. Si sana. Mtu wa kazi nyingine hangejua. Mimi nilikuwa nikigusa ubao kwa brashi, mstari unatoka na meno kama msumeno.

Bosi aliona siku ya pili. "Hii mkono yako iko na nini?"

"Ni baridi tu, bosi."

"Baridi ya Januari?"

Akaniondoa kwenye mabango, akanipa kazi ya kubandika raba kwenye mihuri. Wakati huo mashine za kukata stika zilikuwa zimeanza kuingia mjini, kompyuta inaandika, mtu anabandika. Nilijua mwandishi wa mkono anayetetemeka hana pa kwenda.

Mtaniuliza, si ungemwambia daktari? Daktari alikuwa akiuliza, "Unaendeleaje?" Nami nilikuwa nikijibu, "Vizuri." Kwangu lile lilikuwa swali la mtihani, na jibu lenye alama zote ni vizuri. Nikafikiri nikisema mkono unatetemeka watasema bado mgonjwa, waongeze dawa, mkono uzidi kutetemeka.

Sasa kitabu. Kitabu changu kilikuwa kichafu. Kilikuwa na doa la uji, jalada limeachia, na kila daktari na mwandiko wake mbaya. Kurasa za mwisho zilikuwa na vijistari na viduara vya biro, nikadhani mama alikuwa anajaribu kalamu. Nikaamua kukinakili upya. Naapa nia yangu ya kwanza ilikuwa usafi tu.

Nilinunua daftari jipya, nikalifunika kwa karatasi ya kaki. Nikaandika polepole, mkono wa kushoto umeshika kifundo cha wa kulia. Ukurasa wa kwanza nilinakili kila neno. Ukurasa wa pili paliandikwa kwamba sijala siku nne, nikaona hiyo si lazima. Wa tatu paliandikwa kwamba nalia bila sababu, nikapaacha. Kufikia wa tano nilikuwa natunga. "Mgonjwa anaendelea vizuri sana." Vile vijistari vya mama sikuvigusa kabisa. Na mihuri, ndugu zangu, nilifanya kazi katika duka la mihuri, ningeweza kuchonga. Sikuchonga. Niliichora mmoja mmoja kwa mkono, kwa biro ya buluu na bikari ya shule. Ilinichukua siku tisa, na niliona fahari, hilo ndilo baya zaidi. Kile cha zamani nilikitupa kwenye boksi la karatasi za kuwashia jiko.

Kisha nikamwambia mama asijisumbue tena kunisindikiza, abaki kwenye kibanda chake cha kuuzia mboga, sukuma.

"Kwani umepona?" akauliza.

"Nimepona."

"Nani amesema?"

"Kitabu kimesema."

Akaniangalia, akaendelea kukatakata sukuma.

Daktari wa mwezi ule alikuwa kijana, na sista mkubwa wa kliniki, muuguzi anayepokea vitabu, alikuwa ameanza likizo ndefu. Alifungua, akasoma, akatabasamu. "Umekitunza vizuri. Wagonjwa wote wangekuwa hivi." Akapunguza dawa. Mwezi uliofuata mwingine akapunguza tena, uliofuata wakaniambia niache, nirudi nikiona shida. Nilitoka pale nimenyooka kama mtu aliyepewa shahada.

Mkono ulitulia. Nawaambia ukweli, ile miezi miwili niliandika mabango mazuri kuliko yote ya maisha yangu. Bosi alinirudisha mbele ya duka. Niliona nimeshinda.

Halafu bucha moja hapo Kinoo likanipa ukuta. Neno lenyewe lilikuwa jepesi, "Nyama Safi". Nilipanda ngazi saa mbili asubuhi. Herufi S ikanikataa. Nikaifuta, nikaiandika, nikaifuta. Saa sita mwenye bucha akatoka na aproni yake.

"Kijana, watu wangu wananunua nyama. Hawanunui herufi."

"Nipe dakika kumi."

"Hiyo dakika kumi uliniomba tangu saa nne."

Saa kumi nilishuka, nikakaa chini ya ngazi na sikuweza kuinuka. Si miguu. Sikuona sababu ya kuinuka. Walimwita mama kutoka kibandani. Alikuja na kisu cha sukuma bado mkononi, akampa mwenye bucha amshikie, akaniinua.

Majuma yaliyofuata sitayaeleza yote. Nilitamani nisiwepo. Nasema hivyo waziwazi kwa sababu huenda yuko mtu hapa anayetamani hivyo leo, na ajue kuna mwenzake aliyetamani na bado anaongea, na amwambie mtu kabla ya kutoka humu ndani.

Mama hakubishana nami. Jumanne ilipofika alinivisha koti, tukaenda, tukasogea kwenye benchi. Mezani alikuwa amerudi sista, yule mkubwa aliyekuwapo tangu siku yangu ya kwanza. Akachukua kitabu changu kizuri. Akafungua. Akafungua tena. Akakiinua karibu na miwani.

"Hii kitabu iliandikwa na nani?"

Nikamtazama mama.

"Nakuuliza wewe, kijana. Huyu daktari na huyu wana mwandiko moja. Na hii muhuri. Mimi ndiye hupiga muhuri hapa, miaka yote hii. Muhuri yetu haijawahi kunyooka hivi."

Mwanamke aliyekuwa nyuma yangu kwenye benchi alicheka, kisha akajizuia. Mimi nikasema, "Ni mimi, sista. Yote."

"Na ile ingine iko wapi?"

Nilitaka kusema imechomwa. Mama akafungua kikapu chake, akatoa kitambaa, ndani ya kitambaa kile kitabu chenye doa la uji. Alikuwa amekiokota kwenye boksi siku ileile nilipokitupa. Hakuwa ameniambia.

Sista hakukifungua mwanzo. Alikigeuza, akakifungua kutoka nyuma. Akaanza kupitisha kidole kwenye vile vijistari na viduara.

"Unajua hii ni nini?"

"Mama alikuwa anajaribu kalamu."

"Wacha, sista," alisema mama kwa sauti ndogo.

Ndipo nikaambiwa kile ambacho nilikosa kusikia siku ya kwanza nikishughulika na tangazo la ukutani. Daktari alimwomba mama anitazame. Mama kusoma kwake ni kidogo, kwa hivyo walikubaliana: siku nisipokula aweke kistari, siku nisipotoka kitandani aweke kiduara. Madaktari wote waliokuja walielekezwa na sista waanzie hapo, ndipo waje kwenye maneno yangu. Mimi nikijibu vizuri, wao wanaangalia kurasa za mama.

Na mama hakuwa ameacha. Hata baada ya kumwambia nimepona, aliendelea kuandika katika kitabu nilichokitupa. Sista alihesabu kurudi nyuma. Vistari vilianza tena majuma mawili tu baada ya kuacha dawa. Wakati ule naona naandika mabango ya maisha yangu, nilikuwa nimeshaanza kurudisha sahani bila kula. Sikujua. Nilikuwa nasoma kitabu changu mwenyewe.

Nililia pale mezani, na watu wa benchi wakatazama pembeni kwa adabu, kama tunavyofanya.

Daktari wa siku hiyo alikuwa mama wa makamo, mchovu kama sisi. Aliniuliza kwa nini. Kwa mara ya kwanza nikasema habari ya mkono.

"Na mbona hukusema?"

"Hakuna aliyeniuliza habari ya mkono."

"Si tulikuwa tunakuuliza unaendeleaje?"

"Nilikuwa nasema vizuri."

"Basi," alisema, akaandika kwa mwandiko mbaya sana, ukurasa unaofuata wa kitabu kichafu. Alibadilisha dawa moja. Alikubali kwamba yeye na wenzake pia walipaswa kuuliza zaidi, na dakika nne hazitoshi. Sista alikibakisha kile kizuri kwenye droo yake. Alisema hawezi kukirudisha kwa mtu kama mimi.

Mnatarajia sasa niseme mkono ulipona. Ulichukua miezi, ukapungua, haukuisha. Nilienda kwa bosi nikamwambia yote, nikingoja anifukuze. Aliweka chini brashi yake. Kisha akaenda stoo, akarudi na fimbo nyembamba yenye kifundo cha kitambaa ncha moja. Akaiegemeza kwenye ubao, akaweka mkono wake juu yake, akapiga mstari ulionyooka.

"Baba yangu," alisema. "Mkono yake ilitetemeka miaka mingi. Wewe hujawahi kuona hii?"

Sikuwahi. Waliosomea kazi hii wanaijua. Mimi niliyejifunza kwa kalenda nilidhani mkono lazima ujishikilie wenyewe hewani.

Nimekaribia mwisho, sijasikia kikohozi. Nawashukuru sista na daktari yule, na bosi. Namshukuru mwenye bucha, aliyemaliza ile S mwenyewe kwa brashi ya kupakia rangi ya geti, na ipo mpaka leo, na watu wananunua nyama. Nanyi wa kikundi hiki, mlionikubali wakati sikuweza kusema zaidi ya jina langu.

Sina somo kubwa. Bado nachoka. Kuna asubuhi naamka nimechoka na kupona kwenyewe, vidonge, benchi, mwezi ujao tena benchi. Nilichojifunza ni kwamba siku mbaya usipoziandika hazifutiki, zinakosa tu mtu wa kuziona. Ukiulizwa unaendeleaje, anza na kile unachotaka kuficha. Na kama kuna mtu nyumbani anayekutazama, mwache akutazame.

Mama hunisindikiza tena. Wiki hii nimejitahidi, nadhani, lakini msichukue neno langu. Kitabu kiko ndani ya kikapu pale. Mama, wape. Wafungue kutoka nyuma.