Fundi Soma na Balbu ya Taa ya Breki

Wasikilizaji wapendwa, watulizeni watoto kidogo, kisha muongeze sauti ya redio. Leo tunamkumbuka fundi. Si fundi wa injini, wala si fundi wa bodi. Ni fundi wa dashibodi. Kwa miaka thelathini na moja alitengeneza geji na swichi za pikapu kuukuu. Amefariki Ijumaa iliyopita kwa maradhi ya kifua, akiwa na miaka sitini na miwili. Wote tulimwita Fundi Soma.

Niwaambie mapema, kumbukumbu hii haina sukari. Mnajua wenyewe, mtu akishafariki anasifiwa mpaka majirani wanaulizana, "Jamani, ni huyu huyu tuliyekuwa naye?" Leo hapana. Familia yake yenyewe imekataa. Imeniambia sema yote, nami nitasema yote.

Banda lake lilikuwa nyuma ya kituo cha mafuta. Mabati manne, benchi moja, na ukuta uliojaa vipande vya dashibodi. Chini kulikuwa na makopo ya rangi yaliyokwisha, na kila kopo lilikuwa na aina yake ya swichi: za taa, za waipa, za honi. Ole wako uchanganye. Alikuwa akifungua geji ya joto kwa kisu cha kupakia siagi, anapuliza vumbi, anagusa waya mmoja kwa risasi ya moto ya kulehemu, na mshale uliolala miaka mitano unanyanyuka. Mwenye gari anacheka peke yake kama aliyeokota kitu.

Pikapu kuukuu mnazijua. Tangi limejaa, geji inasema hamna kitu. Tangi limekauka, geji inasema tele. Unawasha taa, waipa zinaamka. Fundi alipokuwa kijana alikuwa na msemo wake: "Gari kuukuu ni kama mjomba mlalamishi. Ukimsikiliza kila neno, hutafanya kazi." Wateja wakicheka, na yeye anacheka. Mjane wake ananiambia msemo huo aliuacha ghafla, miaka kumi na tisa iliyopita, na hakuusema tena.

Jina la Soma lilikuja baada ya hapo. Kazi ikiisha, alikuwa hakupi ufunguo. Anakukalisha kwenye usukani, yeye anasimama dirishani, anakwambia, "Soma." Basi unasoma kwa sauti. Mafuta nusu. Joto liko chini. Taa ya oili imezima. Taa ya breki imezima. Ukiruka hata moja, unaanza upya. Halafu anafungua boneti na kuangalia mafuta ya breki kwa macho yake, hata kama ulileta gari kwa ajili ya honi tu.

Dereva mmoja wa pikapu ya mchanga alinisimulia hivi: "Mimi nina wajukuu, bwana, halafu ananisomesha kama mtoto wa chekechea! Nikamwambia, fundi, nina haraka. Akaniangalia, akasema, 'Hata mdogo wangu alikuwa na haraka.' Nikasoma."

Mdogo wake, wasikilizaji. Hapo ndipo penyewe.

Fundi Soma alikuwa na mdogo wake wa kiume, tumbo moja. Huyu alikuwa dereva wa pikapu ya bluu, kuukuu, akipeleka makreti ya bia kutoka ghalani kwenda madukani. Watu walimtania kwa jina la Mwendopole. Unamjua dereva ambaye baiskeli inampita, na mwenye baiskeli anamwonea huruma? Ndiye huyo. Na pombe hakuinywa. Aliibeba tu.

Jumatatu moja asubuhi, Mwendopole alisimama bandani kwa kaka yake. Injini inaunguruma, makreti yamejaa nyuma. Akasema, "Kaka, hii taa ya breki haizimi. Tangu juzi inanikodolea macho."

Sasa sikilizeni vizuri. Taa ile nyekundu huwaka kwa mambo mawili. Umesahau breki ya mkono, au mafuta ya breki yamepungua kwenye kichupa chake. Ndani ya kichupa kuna swichi ndogo inayoelea. Na kwenye pikapu za aina ile, swichi ile ilikuwa mbovu tangu enzi. Inanata, taa inawaka bure. Fundi alikuwa ameshaona gari arobaini za namna hiyo, na zote arobaini kosa lilikuwa la swichi. Zote.

Basi hakufungua boneti. Alikuwa na dashibodi ya mtu mapajani, mikono imejaa nyaya. Akaiweka benchini, akainamia usukani wa pikapu ya bluu, akaingiza vidole nyuma ya geji, akaichomoa balbu ya taa ya breki na kuitia mfukoni. "Swichi hiyo," akasema. "Jumamosi nitakuwa nimepata nyingine. Nenda, ufanye kazi kwa amani."

Mwendopole akasema, "Asante kaka." Akaondoka.

Taa ilikuwa inasema kweli. Mafuta ya breki yalikuwa yanavuja kwenye gurudumu la nyuma, tone kwa tone. Alhamisi, kwenye mteremko wa kuelekea sokoni, Mwendopole alikanyaga breki, breki ikazama mpaka chini. Gari likapita pembeni kuwakwepa watu, likagonga ukuta. Makreti yakamwagika juu yake. Hakufika hospitali.

Watu wakakimbilia pale. Walimkuta dereva analoa bia kuanzia kichwani mpaka viatuni. Mnategemea walisema nini? Wakasema amelewa. Pombe ilikuwa mgongoni mwa gari, haikuwa tumboni mwa dereva, lakini nani alikuwa na muda wa kuuliza? Jioni ile redio ilitangaza kwamba dereva mlevi, aliyekuwa katika mwendo wa kasi, amejiua kwa uzembe wake. Redio hii. Na aliyesoma taarifa ile ni mimi ninayezungumza nanyi sasa. Niliisoma kama nilivyopewa. Sikupiga simu hata moja.

Siku ya pili Fundi Soma alikwenda kwenye uwanja wa polisi, pikapu ilikokuwa imevutwa. Akaomba kutoa betri, isije ikaibiwa. Askari akamruhusu, maana ni ndugu wa marehemu. Fundi akaingia, akapeleka mkono nyuma ya geji, akairudisha balbu mahali pake. Inspekta alipokuja, akaandika kwamba taa zote za onyo zipo na dereva alizipuuza. Karatasi ile ikafungwa ikiwa na maneno hayo.

Wasikilizaji wapendwa, narudia ili tusikosane. Kwanza aliitoa balbu. Kisha aliirudisha. Halafu akanyamaza miaka kumi na tisa.

Na aliyeachwa na msalaba huo ni shemeji yake, mke wa Mwendopole, mwenye watoto watatu. Akawa mjane wa mlevi. Sokoni, mjane wa mlevi. Shuleni watoto wanazomewa, watoto wa mlevi. Binti yake mkubwa alipopata mchumba, wazazi wa kijana waliuliza wakaambiwa, wakarudi nyuma. Mama huyu aliniambia, "Mimi nilifika mahali nikamchukia marehemu. Nikawa namsuta kwenye picha: ulikuwa unakunywa wapi mimi nisijue? Nilimchukia mume wangu bure. Nani atanirudishia hayo?"

Na Fundi alikuwa anakwenda pale kila Jumamosi! Anaziba paa, anatengeneza mlango, anapeleka unga. Shemeji anamshukuru, "Mungu akuzidishie, shemeji, wewe ndiye umebaki ndugu." Anamwekea chakula, hali. Anasema ameshiba. Mke wake mwenyewe anakiri kwamba wivu ulimwingia. "Nilisema huyu ana jambo na shemeji yake," aliniambia. "Nikamchunguza miaka miwili. Kumbe jambo lipo kweli, ila silo nililolidhani. Heri lingekuwa lile."

Mwaka huu kifua kikambana. Daktari akamwambia wazi kwamba ni suala la wiki, si miezi. Jumanne ya wiki iliyopita akavaa shati safi, akaenda kwa shemeji yake kwa miguu, akipumzika kila baada ya nyumba tatu. Akamkuta uani anafua. Akaketi kwenye ngazi ya mlango, akasema yote. Balbu. Uwanja wa polisi. Inspekta. Akasema, "Shemeji, mumeo hakuwa amelewa. Mumeo hakukimbiza gari. Alikuja kuniuliza, na mimi nikamwambia aende kwa amani."

Mama yule anasema aliendelea kufua. Alifua shati moja mpaka likatoka kifungo. Kisha akasema, "Nenda. Usinitazame. Jumamosi njoo, nitakupa jibu langu."

Fundi akainuka, akaenda. Mke wake anasema zile siku tatu alikuwa kama mtu aliyepangiwa safari. Alinyoa ndevu. Aliuliza mara kwa mara, "Leo ni siku gani?" Ijumaa, saa kumi na moja alfajiri, akakata roho.

Mazishi yalikuwa Jumapili. Watu walijaa, mafundi kwa madereva. Msemaji akauliza nani ana neno. Akainuka shemeji. Wengi tulidhani atashukuru kwa unga na paa. Maneno yake ni haya, ninayo kwenye karatasi, naye amenipa ruhusa kuyasoma:

"Mume wangu hakufa amelewa. Aliyekuwa anaujua ukweli ni huyu mnayemfukia. Aliniomba msamaha Jumanne, nikamwambia angoje Jumamosi. Jibu langu lilikuwa hili: kosa la kazi ningelisamehe siku ile ile, maana kila mwenye mikono hukosea. Ila miaka kumi na tisa ya kunyamaza, uniangalie ninavyotukanwa, kisha uniletee unga, hapana. Hiyo siwezi. Nilitaka nimwambie machoni. Hakungoja. Basi mwacheni aende, na mimi niacheni nilivyo."

Akaketi. Mjane wa Fundi akatoka alipokuwa, akaenda kuketi karibu naye.

Juzi wanawake hawa wawili walikuja hapa studio pamoja. Mke wa Mwendopole hakunisalimia. Alisema, "Mlimtangaza mlevi redioni. Mkanushe redioni, na akanushe yule yule." Ana haki. Kwa hiyo nakanusha. Dereva wa pikapu ya bluu hakuwa amelewa. Hakuwa katika mwendo wa kasi. Breki zilikatika, na taa ya kumwonya ilikuwa imetolewa. Nilisoma uongo, na nimeula mkate wangu hapa miaka yote hii bila kuuliza. Mama, nisamehe. Na ukishindwa, nitaelewa.

Tunampa pole mjane wa Fundi Soma na watoto wake. Na tunatoa pole ya pili, ambayo hatukuitoa wakati wake. Kwa mke wa Mwendopole na wanawe watatu, poleni kwa msiba. Poleni sana.

Wasikilizaji wapendwa, nilisema nitasema yote, nimesema. Huenda wewe unayenisikia unamjua mtu anayebeba jina baya, na ukweli unao wewe. Usingoje daktari akuhesabie wiki. Hapa studio ni saa nane na robo mchana. Bado ni mapema, na huyo mtu yupo nyumbani. Zima redio, uende.