Maisha ya Sista Nasteha Dubow, Aliyekaa na Waliofiwa

Assalaam aleykum warahmatullahi wabarakatuh. Mashekhe, wazee, kina mama, wauguzi mliotoka Garissa, Mwingi na Hola, mimi ni Khalif Dubow, mdogo wake marehemu, na familia imeniomba nisome kwa Kiswahili ili wenzake wa kazini wasikie pamoja nasi.

Dada yetu Nasteha Dubow Barre alizaliwa Habaswein tarehe 14 Machi 1983, mtoto wa tatu wa marehemu Mzee Dubow Barre na Mama Saynab, wakati baba bado ana ngamia, kabla ukame haujawamaliza. Alisoma shule ya msingi hapo hapo Habaswein hadi mwaka 1998, akaja sekondari Garissa, akamaliza 2002, kisha akasomea uuguzi na kupata stashahada mwaka 2006, ingawa wajomba walisema msichana atapataje mume akishinda na wagonjwa.

Mume alimpata. Mwaka 2008 aliolewa na Bile Guleid, dereva wa lori la maji kule Dadaab, ambako Nasteha alikuwa ameajiriwa katika hospitali ya kambi ya wakimbizi, na Mungu akawajalia Ridwan mwaka 2010 na Ruqiya mwaka 2013.

Mwaka 2011, watu walipokuwa wakivuka mpaka kwa miguu kwa sababu ya njaa, aliletwa mama mmoja aitwaye Weris, mwanawe akafia wodini, na Weris akakataa kumtoa mgongoni, halii, hasemi, huku wanaume wakimhimiza kwamba maiti haicheleweshwi. Nasteha aliwaomba watoke, akaketi naye sakafuni, kisha akamuuliza, "Anaitwa nani?"

"Dekow."

"Alikuwa anapenda nini?"

"Akisikia ngamia, anacheka," akasema Weris, na hapo ndipo kilio kilipomtoka, akafungua kitambaa cha mgongoni kwa mikono yake mwenyewe. Nasteha alitusimulia jambo hili mara moja tu, na tulipomsifu alikasirika, akasema hakumponya mtu, mtoto alikuwa amekufa na mama yule alirudi hemani mikono mitupu.

Mwaka 2015 na yeye alijifungua mtoto wa kiume ambaye hakupumua. Tulimwambia asubiri, kwamba Mungu atampa mwingine, na alituitikia kwa adabu, lakini Bile anasema kwa wiki nyingi alikuwa akikunja nguo zile ndogo na kuzikunjua. Mwaka uliofuata walihamia mtaa wa Iftin, akaanza kazi katika wodi ya wazazi mjini Garissa, akaomba mwenyewe apewe kina mama ambao watoto wao hawakuishi, na kazi hiyo aliifanya mpaka nguvu zilipomwishia.

Mwezi wa Ramadhani mwaka jana chakula kilianza kumkwama kooni, futari ikawa uji, uji ukawa maji. Vipimo vilionyesha saratani ya umio, tukampeleka Nairobi, madaktari wakasema imeshaenea, tukamrudisha hospitali ya Garissa. Sista Kanini, aliyefanya naye kazi miaka tisa, alisimama kando ya kitanda akilia, "Wewe ndiye ulinifundisha, sasa nikufanyie nini?"

"Hakuna, abaayo, dada yangu," akamjibu. "Nishike mkono, usinidanganye tu."

Ruqiya naye alimuuliza kama atarudi nyumbani, sisi wakubwa tukageuza nyuso, mama yake akasema, "Sijui, hooyo, mwanangu. Hata mimi naogopa." Wakalia pamoja, mtu na mama yake.

Alifariki alfajiri ya Alhamisi, tarehe 9 Oktoba 2025, Bile na Kanini wakiwa pembeni, na alasiri tukamzika.

Tunawashukuru madaktari wa Garissa na Nairobi ambao hawakutupa matumaini ya uongo, wauguzi wa wodi ya wazazi waliopokezana zamu ili asibaki peke yake, majirani wa Iftin waliopika na kuwalea watoto, na madereva wenzake Bile waliokuja kutoka Dadaab.

Limebaki jambo moja ambalo familia imeshindwa nalo. Mama Saynab, ambaye kumbukumbu zimemtoka, kila jioni anauliza kama Nasteha ametoka kazini. Siku ya kwanza tulimwambia ukweli, akalia kama mtu aliyesikia sasa hivi, kesho yake akauliza tena, tukamwambia tena, akalia vile vile. Jana alipouliza tulitazamana tu, na mpaka nasimama hapa hatujui leo tutamjibu nini.

Lala, walaal, dada yangu. Mwenyezi Mungu akurehemu, akulaze mahali pema, na akufanyie wepesi pale ambapo sisi hatukuweza.