Marehemu wa Sura ya Kumi

Haya sikusimuliwa na mtu. Niliyaona kwa macho yangu mwenyewe, nikayasikia kwa masikio ambayo mke wangu anadai yanasikia hata yasiyosemwa. Nilikuwa nimeketi kwenye ncha ya benchi mbele ya kibanda cha Kinyozi, mahali pangu pa siku zote, kwa kuwa benchi lile nililiunda mimi, na katika maseremala wa mtaa huu sijamwona wa kunifikia. Mguu mmoja wa benchi ni mfupi kidogo, lakini hiyo ni kasoro ya ardhi. Upande mmoja Bi Birika, muuza kahawa wetu, alikuwa anapepea makaa. Upande wa pili Profesa, ambaye elimu yake yote aliipata kwa kulinda mlango wa maktaba mpaka akastaafu. Asubuhi ilikuwa njema kabisa, ila mlango wa Kinyozi ulikuwa umefungwa, na kwenye ubao wa bei palikuwa na maandishi ya chaki: TUMEFIWA. LEO HATUNYOI.

— Maskini, nani tena? Bi Birika akauliza. Mkewe tulishamzika mwaka jana. Amebaki na binti tu, naye yuko mbali.

Kabla hatujajibu, mlango ukafunguka. Kinyozi akatoka, macho mekundu, kitabu kwapani. Nikasimama kwa adabu.

— Pole sana, ndugu yangu. Ni nani?

— Yule mwalimu.

— Mwalimu yupi?

— Aliyekuwa anamngoja mumewe. Amefia sura ya kumi.

Bi Birika akaacha kupepea.

— Sura ya kumi ndiyo mtaa gani?

Profesa akakohoa, akaanza kutafuta kitu mfukoni ambacho hakikuwemo. Kile kitabu kilikuwa chake. Maktaba ilipogawa vitabu vilivyochakaa alijichukulia, kisha akamwazima Kinyozi.

— Kumbe wewe ndiye uliyemletea maiti dukani! Bi Birika akamgeukia.

— Mimi nilimpa mtu mzima wa afya! Ningejuaje kama atamfia huku?

— Kwani hukukisoma?

— Mama, kazi yangu ilikuwa mlango.

Kinyozi akaketi katikati yetu, hakucheka. Profesa, ili ajitoe kwenye kesi, akaingia kwenye lugha.

— Hata hivyo, bwana, futa ubao. Mtu hawezi kufiwa na mtu wa karatasi. Lugha yenyewe inakataa.

— Lugha ipi? nikamkatiza. Mimi shule niliiachia njiani, lakini hilo somo nililiwahi. Kufa, kufia, kufiwa. Anayekufa anakufa mara moja, amemaliza. Anayefiwa ndiye mwenye kazi. Sasa hapa mwenye kazi ni nani? Mtazame macho.

— Hapo umesema, Bi Birika akaniunga mkono, jambo ambalo halitokei mara nyingi. Lakini mimi nataka kujua kitu kingine. Hawa waandishi wana nini? Watu wakianza tu kupendana, mmoja anakohoa. Ukisikia kikohozi kitabuni, ujue sanda imeshakatwa. Kwa nini?

— Sababu ni ya kitaalamu, Profesa akasema. Raha haina maneno. Wamependana, wameoana, wamekula, wameshiba. Ukurasa wa pili utaandika nini? Wameshiba tena? Kitabu kitakuwa chembamba, hakisimami rafuni. Pale kwetu vile vyembamba vilikuwa vinadondoka kila nikifunga mlango kwa nguvu. Ndiyo maana wanaweka msiba, kitabu kipate unene.

— Yaani mtu anauawa kwa sababu ya rafu?

— Ndiyo sayansi hiyo.

Nikaona nisipitwe.

— Si unene, ni unyevu, nikasema. Mateso yakiandikwa vizuri yanatoa maji. Mimi niliwahi kusoma kitabu cha huzuni karakanani, mlango niliokuwa nautengeneza ukavimba, ukakataa kuingia kwenye fremu.

— Si ilikuwa majira ya mvua? Bi Birika akauliza.

— Mvua ilikuja baadaye, kunisaidia kulia.

— Nyote hamna kitu, akasema, akitumiminia kahawa. Wanaoua ni wasomaji.

— Ala! Kivipi?

— Huyu hapa kila siku ananisifia mwalimu wake. Mara kasema hivi, mara kavumilia vile. Mwandishi huko aliko anatega sikio. Akisikia mtu kapendwa, huyo huyo anakatwa. Kinyozi, si uliniambia huyo mwalimu ana mjomba mlevi? Yu hai?

— Yu hai, Kinyozi akakiri. Tena ananenepa.

— Mnaona? Hakuna aliyempenda.

— Lakini kitabu kilichapwa kabla Kinyozi hajajua kusoma! Profesa akalalamika.

— Ndiyo maana nikasema huko aliko. Si nimewaambia ana masikio?

Tukacheka mpaka benchi likayumba. Kinyozi peke yake alikuwa anatazama jalada.

— Kwa hiyo kama nisingempenda… akaanza.

Hakumaliza. Kutoka kona ya juu alikuwa anakuja Shemeji, mdogo wa marehemu mke wake, mpishi wa kantini ya kiwandani. Alikuwa anakimbia, aproni bado kiunoni, unga mpaka kwenye viwiko. Mpita njia alikuwa amempelekea habari za ubao.

— Nani? akasema, akihema. Ni mwanangu? Niambieni ukweli, ni mtoto wa dada?

— Hapana, shemeji, mtoto mzima, Kinyozi akasema, akiinuka. Tulia.

— Basi nani?

Sote tukatazama kitabu. Profesa akajitolea kueleza, na kadiri alivyoeleza ndivyo jambo lilivyozidi kuharibika, maana alianzia kwenye rafu. Shemeji akamsikiliza mpaka mwisho. Kisha akajifuta unga polepole, akamgeukia Kinyozi.

— Umefunga duka kwa ajili ya mtu wa kitabuni.

— Ndiyo, shemeji.

— Dada tulipomzika, kesho yake ulifungua. Nilipita hapa, nikakusikia unamuuliza mteja kama apunguzwe pembeni au kote. Chozi sikuliona. Tangu siku hiyo sijanywa hata maji kwako, wala hukuniuliza kwa nini. Leo nijibu mbele ya hawa. Dada ulimpenda, au alikuwa anakupikia tu?

Bi Birika akawa anamimina kahawa kwenye kikombe kilichojaa.

— Siku ile hospitalini walinitoa chumbani, Kinyozi akasema. Nesi alisema ningoje nje kidogo, wambadilishie shuka. Nikasimama kwenye korido nasoma bango la kunawa mikono. Niliporudi alikuwa amefunikwa. Shemeji, mimi sikuona mtu akifa. Niliona mtu, halafu nikaona shuka. Mpaka leo ni kama bado nipo koridoni, nangoja waniite niingie. Ningelia nini, na mimi nangoja?

Akakiinua kitabu kidogo.

— Huyu hakuna aliyenitoa. Nilikaa naye mpaka mwisho. Nikaanza kumlilia, halafu nikajisikia natamka jina la dada yako.

Shemeji akaketi. Aliketi ncha yangu ya benchi, nami nikampisha.

— Alisema nini mwisho? akauliza.

— Nani?

— Huyo mwalimu.

Kinyozi akafungua pale ambapo karatasi ilikuwa imejikunja kwa kulowa.

— Aliomba wamfungulie dirisha, asikie kama mumewe anakuja.

— Na dada?

Kinyozi akanitazama mimi. Mimi nikamtazama Profesa, Profesa akamtazama Bi Birika, naye akatazama makaa. Hata mimi, ambaye swali la mtaa huu halijawahi kunishinda, nilijikuta nakagua msumari.

— Sijui, shemeji, Kinyozi akasema. Sijui, na sitajua.

Shemeji akatikisa kichwa taratibu. Akafungua aproni, akaikunja, akaiweka pembeni.

— Basi nisomee huyo, akasema. Anzia mwanzo. Na mimi nikae naye.

— Na kantini?

— Watapika wenyewe.

Kinyozi akarudi ukurasa wa kwanza, akasafisha koo. Alikuwa msomaji wa kukwamakwama, lakini hakuna aliyemsahihisha, hata Profesa.

Hayo yote ni kweli tupu, waulizeni waliokuwepo. Isipokuwa dirisha. Nilikikagua kile kitabu mwenyewe baadaye: mwandishi kaandika kwamba mwalimu hakusema kitu, na ndivyo Kinyozi alivyomjibu Shemeji. Dirisha nimeliweka mimi. Mimi ni seremala, nimeshindwa kuuacha ukuta ule hivi hivi.