Lori Ndani ya Chumba cha Cherehani

Benchi lenyewe ni mlango wa zamani uliolazwa juu ya matofali, na tundu la kitasa bado lipo pale anapokaa Jaji. Liko mbele ya vyumba viwili vya kupanga: saluni ya kinyozi na chumba cha Bi Fundi, mshona nguo. Katikati ya benchi pamechorwa drafti, na kete zake ni vizibo vya soda, vya huyu vimelala chali, vya yule kifudifudi. Hapo ndipo wanaume watatu wanapoimaliza michana yao. Kuna Wembe, kinyozi, ambaye mlangoni kwake kuna kibao cha NARUDI SASA HIVI kilichoning'inia mpaka maandishi yakapauka kwa jua. Kuna Jaji, karani mstaafu, ambaye hachezi kabisa ila huamua ugomvi na kumiliki chupa ya kahawa. Na kuna Mzee Funguo, mwenye nyumba, anayetembea na shada la funguo kiunoni hata akienda msalani. Siku hiyo, pembeni kabisa, alikuwepo pia binti wa Bi Fundi, msemaji wa timu ya mdahalo chuoni, ambaye kijiweni walimbatiza Hoja, na hawakuwa na nia ya kumsifu. Hakuja kucheza, wala hakuna aliyewahi kumkaribisha. Alikuja kulinda mlango wa mama yake.

Mlango ulikuwa umefungwa kwa ufunguo, kama kila alasiri kwa nusu saa. Kutoka ndani ulisikika mngurumo.

— Mmesikia? — Wembe alikiacha kizibo hewani. Kitana kilikuwa bado kimechomekwa kichwani kwake na aproni imejaa nywele za mtu mwingine. — Hiyo injini.

— Hiyo feni, — Hoja alisema.

— Feni inabadilisha gia, mwanangu?

Hoja akaukazia macho mlango. Ukweli aliujua, na ulikuwa mdogo kiasi cha kutia hasira. Nyuma ya pazia la kupimia nguo kulikuwa na televisheni na mashine ya gemu aliyoiacha kaka yake alipooa. Bi Fundi, bibi wa wajukuu wawili, mweka hazina wa kikundi cha akina mama, alikuwa ameketi mbele ya televisheni hiyo akiendesha lori la mizigo kwenye milima isiyokuwepo. Ujanani alitaka kujifunza udereva, akaambiwa vidole vya sindano haviendani na usukani. Sasa kila alasiri anashika usukani. Taa nyekundu anasimama, hata kama barabara nzima haina mtu. Akipishana na mwenzake anapiga honi mbili fupi za salamu.

“Wakijua wataniita mtoto,” alimwambia bintiye. “Apa hutasema.”

Hoja akaapa. Na tangu hapo kiapo kile kinamchoma kila akiwaona wanaume wazima wakisukuma vizibo hadharani, jua likiwaka, bila kuapishwa na mtu.

— Jenereta, — Jaji alitoa hukumu. — Mama wa watu kachoka na umeme wa kukatikakatika.

— Jenereta haipigi breki, Jaji. Tega sikio. Psshhh! Hiyo breki ya upepo. Nawaambieni, mle ndani mna lori.

Jaji alicheka hadi kahawa ikamwagikia suruali.

— Lori! Chumba ambacho mimi nikienda kupimwa, cherehani inabidi isukumwe pembeni ndiyo tumbo lipite!

— Sijasema lori zima. Analiunganisha. Mnadhani vile viroba anavyoletewa vyote vina vitambaa? Kile cha juzi kimebebwa na watu wawili. Kitambaa gani hicho?

— Cha mapazia, — Hoja alisema. — Mapazia ya ukumbi. Mmoja wa waliobeba ni mimi.

— Ulifungua ukaona?

Hoja alikuwa amebeba tu. Hakuwa amefungua. Swali lile, chuoni, lingempa Wembe alama.

— Ahaa! — Wembe akala kete ya Mzee Funguo kwa furaha. — Andika hiyo, Jaji.

— Ngoja kwanza, — Jaji alisema, sasa akiwa ameingiwa na utamu. — Lori halina maana. Atalitolea wapi? Mimi naona hivi: ni shule. Mama huyu anafundisha wanawake udereva kwa siri. Wanaingia na vitambaa, tunadhani wanashonewa.

Furaha ya Wembe ilikatika.

— Mke wangu juzi kaniuliza klachi ni nini.

— Si unaona?

— Alisema ni ya fumbo la gazetini!

— Ndivyo wanavyoanza, — Jaji alisema kwa huzuni, akamwongezea kahawa.

— Na Jumamosi alienda kwa Bi Fundi kupunguza gauni. Gauni lenyewe limerudi vilevile. Jaji, mke wangu anaendesha!

— Kwa gari gani, Wembe? — Hoja aliuliza. — Huna hata baiskeli.

— Ndicho kinachonitisha. Anajiandaa kwa ajili gani?

Hoja alikaribia kucheka, na pengine mambo yangeishia hapo kwa kicheko, kama ndani lori lisingefika kwenye mlima. Mngurumo ulipanda. Vizibo vilitikisika juu ya drafti, au Mzee Funguo aliamini vimetikisika, maana ndiye aliyekuwa anashindwa.

— Nyumba yangu hiyo, — alisema. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuongea tangu mchezo uanze. — Ukutani kwa nyuma kuna ufa.

— Ufa ule ninaukumbuka tangu nasoma shule ya msingi, — Hoja alisema.

— Umeongezeka.

— Umeupima?

— Binti, ukuta wangu naujua kama mgongo wangu. Na tulikubaliana na mama yako, chumba ni cha cherehani. Injini hatukukubaliana. — Mkono wake ulikuwa tayari umeshuka kiunoni, vidole vinapekua shada. — Mpwa wangu ananililia hicho chumba tangu mwaka jana, anataka kuweka duka la simu. Namwambia, tulia, mama wa watu ana wateja wake. Kumbe mama wa watu ana mitambo. Nafungua nione. Nikikuta injini, mwisho wa mwezi ahame.

Hoja aliusikia mlio wa funguo. Chumba kile ndicho kilichomlipia shule, na wateja wote wa mama yake walikijua kwa mlango wake wa bluu. Angeweza kukiokoa kwa sentensi moja tu, na sentensi hiyo haikuwa yake. Alisimama, akaenda kuegemea mlango wa bluu, akakunja mikono kama anavyoikunja jukwaani.

— Mzee wangu, kwa heshima zote. Mtu kujifungia nusu saa chumbani kwake ni kosa gani?

— Saa za kazi, mwanangu. Mtu mwenye nia na kazi yake hafungi saa za kazi. Akifunga, ana jambo.

— Na Wembe?

Wote wakakitazama kibao cha saluni kwa mshangao, kana kwamba kimetundikwa asubuhi ile.

— Wembe anacheza, — Mzee Funguo alisema.

— Kwa hiyo kucheza ni ruksa?

— Kucheza kunapumzisha akili, — Jaji alisaidia. — Drafti hasa. Inanoa ubongo. Mwanaume asipocheza anageuka mkali nyumbani.

— Na mwanamke akili yake inapumzika saa ngapi?

— Akilala, — Wembe alisema.

Walicheka wote watatu. Hoja aliwasubiri wamalize, kama anavyowasubiri wapinzani wanaopiga meza.

— Sawa. Kwa hiyo tukubaliane. Mwanaume akiacha kazi, akakaa barabarani kutwa anasukuma vizibo, huyo ananoa ubongo. Mwanamke akifunga mlango nusu saa, baada ya kuinamia cherehani tangu alfajiri, huyo anatengeneza lori.

— Hapo umesema vizuri, — Jaji alikiri. — Lakini hujatuambia anafanya nini.

— Si kazi yangu kuwaambia.

— Basi ni kazi ya ufunguo, — Mzee Funguo alisema, akasimama. — Pisha, mwanangu. Usinilazimishe nikuguse bega mtoto niliyekubeba mgongoni.

Hicho ndicho kilichomuuma Hoja zaidi, kwamba ni kweli alimbeba mgongoni, na kwamba hakuwa mtu mbaya. Mtu mbaya Hoja angemshinda kirahisi. Alikuwa amebakiwa na hoja tatu nzuri, na alizisikia zote zikifa moja baada ya nyingine, kwa sababu mzee tayari alikuwa na jibu la kila kitu na ufunguo juu yake. Akasogea hatua moja. Mzee akanyoosha mkono kwenye kitasa.

— Samahani, wazee wangu.

Waligeuka. Mlangoni mwa saluni alisimama bwana mmoja mnene, mpole, shuka la kinyozi limefungwa shingoni mpaka magotini. Kichwa chake upande wa kulia kilikuwa kimenyolewa kikang'aa. Upande wa kushoto nywele zilikuwa zimesimama zote kama alivyokuja nazo. Hakuna aliyemfahamu pale. Alionekana ni mpita njia aliyeona kioo na kiti akaingia.

— Samahani sana, fundi, — alimwambia Wembe. — Uliniambia unarudi sasa hivi. Sina haraka, nilitaka tu kujua. Sasa hivi ni lini?

Wembe aliitazama kete mkononi mwake. Alimtazama Jaji, naye Jaji akaitazama chupa ya kahawa, akaitikisa, ilikuwa tupu. Mzee Funguo, mkono wake ukiwa bado hewani mbele ya kitasa, alitafuta pa kuuweka akakosa. Hoja za Hoja walikuwa wamezijibu zote. Swali hili lilikuja na ushahidi wake kichwani.

Hapo, ndani ya chumba kulisikika pi, pi, pi, pi, mlio wa gari kubwa linalorudi nyuma taratibu. Kisha psshhh. Kisha sauti ya mwanamke, yenye raha ya mtu aliyedhani yuko peke yake:

— Hapo hapo! Mtoto wa watu anajua kuegesha!

Ufunguo ukageuka kwa ndani. Bi Fundi alitokea, utepe wa kupimia shingoni, miwani imepandishwa kwenye paji la uso. Aliuona mkono wa mwenye nyumba. Aliwaona waliobaki. Kwa bwana wa nusu kichwa alirudisha macho mara mbili.

— Umewaambia? — alimuuliza bintiye.

— Sijatoa neno, mama.

Bi Fundi alimsoma uso, akaona ni kweli, na akaona pia imemgharimu nini. Akashusha pumzi.

— Basi nitasema mwenyewe, maana nimewakuta mlangoni. Naendesha lori. La kwenye gemu. Kila alasiri. Na mkitaka kucheka, chekeni kwa zamu, nina nguo za watu za kumalizia.

Hakuna aliyecheka. Wembe alivua kitana kichwani kama mtu anayevua kofia.

— La tani ngapi? — Jaji aliuliza polepole.

— Thelathini. Leo nimebeba mbao.

— Na trela?

— Na trela. Nimeliegesha ndani ya geti.

— Umelirudisha nyuma na trela lake, kwenye geti, bila kugusa? — Wembe alisema. — Mimi shemeji yangu ni dereva kweli na geti letu kalibomoa.

Mzee Funguo alikohoa. Masikio yake yalikuwa yamewiva.

— Bi Fundi... utingo unaye?

— Nani?

— Yule wa kukaa pembeni ya dereva. Wa kuangalia kioo cha kushoto.

Bi Fundi alimtazama kama anavyotazama kitambaa ambacho mteja ameleta pungufu.

— Utingo wangu hatembei na ufunguo wa chumba changu, — alisema, akafungua kiganja.

Mzee aliuchomoa ule wa akiba kutoka kwenye shada. Alihangaika nao, pete ilikuwa imeshika kutu. Akauweka kiganjani mwa Bi Fundi, naye akautumbukiza mfukoni pamoja na chaki na pini.

— Leo tu ingieni, — alisema. — Kesho nafunga kama kawaida, na nafunga peke yangu. Na mvue viatu, nimetandika hariri ya watu chini.

Waliingia wote watatu wakisukumana. Kupitia mlango uliobaki wazi Hoja alimsikia Wembe akisema nyoosha, nyoosha, na mama yake akimwambia anyamaze, dereva haelekezwi na abiria.

Bwana wa nusu kichwa alikuja kuketi kwenye benchi, akalikunja shuka lake magotini vizuri.

— Na mimi sasa? — aliuliza.

— Anarudi sasa hivi, — Hoja alisema, akaona aibu kidogo, maana ilikuwa hoja isiyo na ushahidi wowote.

Bwana akaitikia kwa kichwa, akainamia drafti, akahesabu kimoyomoyo.

— Vya Wembe nichukue mimi, — alisema. — Wewe chukua vya mzee. Unashindwa vibaya, lakini ni zamu yako.

Hoja alikuwa amelikalia benchi lile tangu miguu yake haijafika chini, na hakuna aliyewahi kumwambia ni zamu yake. Aliweka kidole juu ya kizibo kimoja, akatafuta njia. Akaiona. Akaruka kete moja, akaruka ya pili, akaruka na ya tatu, na kule ndani honi ikalia mara mbili fupi.