Daktari Ojuok na Ubishi wa Alhamisi

Na Shamsa Ally, muuguzi msimamizi, wodi ya magonjwa ya mishipa ya fahamu

Baada ya miaka ishirini na minane ya utumishi, Daktari Victor Ojuok anastaafu rasmi tarehe 30 Juni 1998. Aliripoti hospitalini kwetu Mwanza mwaka 1970 akitokea kwao Mara, akiwa na sanduku la bati, nyundo ndogo ya kupimia magoti, na imani kwamba hakuna tiba ya kuaminika mpaka ibishaniwe. Sanduku lililiwa na kutu zamani. Nyundo na imani bado anazo.

Wageni humwona mpole. Ni mpole kweli, ukimkuta anatafuna karanga zake. Lakini mkute kwenye kikao cha Alhamisi, tunapojadili wagonjwa ambao tiba yao inatuumiza vichwa, utaomba uhamisho. Sheria yake ni kwamba anayependekeza dawa lazima kwanza aipinge, asimame na kuutetea upande asioutaka mpaka wenzake waridhike. Nchi ilipoingia kwenye vyama vingi mwaka 1992, wodi yetu haikushtuka. Sisi tulikuwa na upinzani tangu enzi za chama kimoja, na mpinzani mkuu ndiye alikuwa mwenyekiti.

Sheria nyingine ni kwamba mgonjwa haji peke yake. Huja na mtu wa nyumbani, yule atakayeishi na matokeo ya uamuzi wetu. Maana yake tuliielewa siku alipokuja Malimi, mkulima wa pamba kutoka Magu, mwenye kifafa. Vidonge vyetu vilikuwa vimemkomesha kuanguka kabisa, nasi tulikuwa tunajipongeza. Mkewe, Mhoja, hakutupongeza.

"Asanteni, haanguki," alisema. "Lakini mume wangu analala tangu asubuhi. Palizi napalilia mwenyewe, na akiamka hata jina la mtoto analitafuta."

Tulibishana hadi chai ikapoa. Tukipunguza dawa, angeweza kuanguka tena, hata motoni. Tukiiacha ilivyo, Mhoja angebaki na mume aliyepo kitandani tu. Daktari akamgeukia Malimi na kumuuliza yeye mwenyewe anataka nini. Malimi alitaka kuwa macho, hata kama ataanguka mara moja moja. Basi dozi ikapunguzwa, Mhoja akafundishwa la kufanya, na Malimi akakatazwa kukaa karibu na moto na kuoga ziwani peke yake. Alianguka tena, mara chache. Palizi ya mwaka ule walipalilia wote wawili.

Msidhani bwana huyu hakosei. Siku moja tulikuwa Kigongo tukisubiri kivuko, tunakwenda kliniki Sengerema, akamwona abiria anayevuta miguu kama ya mti. Palepale akatuhubiria habari za uti wa mgongo, kisha akamfuata yule bwana, akamkalisha juu ya gunia la dagaa na kuanza kumgonga magoti kwa nyundo. Bwana wa watu alivumilia kwa adabu zote, akiamini labda ni utaratibu mpya wa kivuko. Mwishowe akaeleza kwamba viatu ni vya mitumba, kavinunua asubuhi ile, na vinambana. Daktari alisema ni vizuri kuwa na uhakika, akapanda kivuko bila kutuangalia usoni.

Biashara ilipofunguliwa na maduka binafsi ya dawa yakaota mjini kama uyoga, mawakala wa dawa walimiminika wodini na mikoba yao. Kila mmoja alikuwa na kidonge kisicho na kasoro. Daktari Ojuok alipokea kalamu zao zote za zawadi, akawauliza kama wangempa mama yao kidonge hicho, na walipoanza kukohoa akawaonyesha mlango.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo yeye ametupa ruhusa kuliandika, na mkewe, Mama Agutu, ametuamuru. Mwaka jana mkono wa kulia wa Daktari ulianza kutetemeka unapokuwa umepumzika. Akauficha mfukoni, akidai anatafuta karanga. Wodi nzima ilijua, kwa sababu kutambua mambo kama hayo alitufundisha yeye. Miezi ikapita, tunasubiri aseme, na karanga haziishi. Hatimaye Mama Agutu alimleta kwenye kikao cha Alhamisi kama mgonjwa, na hatujawahi kupokea mgonjwa msumbufu kama yule.

Ugonjwa ulikuwa wa Parkinson, hilo halikuwa na ubishi. Swali lilikuwa aanze dawa lini. Yeye alikuja na jibu lake: aanze siku hiyohiyo, tena dozi ya kuutuliza mkono kabisa, ili aendelee kuwachoma wagonjwa sindano ya uti wa mgongo mpaka siku yake ya mwisho kazini. Daktari Shimba, mwanafunzi wake, ndiye aliyekiongoza kikao. Akamuuliza Mama Agutu hali ya nyumbani ikoje.

"Anakula vizuri, ndevu ananyoa mwenyewe, barua anaandika," alisema Mama Agutu. "Huyu haogopi kutetemeka. Anaogopa ninyi mumwone."

Mgonjwa wetu akageukia dirishani. Shimba, jasho likimtiririka, akamwomba mwalimu wake afuate sheria ya kikao: aipinge dawa anayoitaka.

Alikunja uso, lakini alisimama. Akaeleza kwamba dawa ile husaidia sana, ila baada ya miaka kadhaa nguvu yake huweza kuyumba, na mwili ukaanza kucheza bila mwenyewe kutaka. Akaeleza kwamba hapa Mwanza leo dawa ipo, kesho haipo, na kuikatisha ghafla ni hatari. Mtu anayekula na kuvaa mwenyewe, akasema, anaweza kusubiri. Kisha akasema kwamba mgongo wa mgonjwa si mahali pa daktari kujithibitishia kuwa bado ni daktari. Hapo akakaa. Alikuwa amejishinda mwenyewe kwa hoja, na wodi hii inayocheka kila kitu haikucheka.

Dawa ikasubiri, na wiki ileile alimkabidhi Shimba kazi ya sindano. Iliniuma kumwona amesimama pembeni. Lakini mkono ule aliutoa mfukoni, akauweka mezani mbele ya wagonjwa, unatetemeka utakavyo. Wanaomuuliza huwajibu, na wapo waliokuja wakiwa wameficha mikono yao.

Daktari, asante kwa miaka hii yote, na kwa kila Alhamisi uliyotunyima chai ya moto. Nenda Mara salama, ukapumzike na Mama Agutu na ng'ombe wako. Tunakuombea maisha marefu, yenye furaha na majirani wanaojua kubishana. Na siku kijiko kitakapoanza kumwaga uji, au vifungo vya shati vikikushinda, usijiandikie dawa. Panda basi uje na Mama Agutu. Tutakuuliza unataka nini, tutamsikiliza yeye kwanza, na safari hii uamuzi hautakuwa wako peke yako.