Tekinaiti Burangke, Mgema Aliyeinywesha Minazi kwa Mizizi

Ndugu waombolezaji, wazee wa maneaba, baraza letu la kijiji, shangazi zangu mliokaa na mwili tangu juzi, mimi ni Ioteba, shemeji wa marehemu, na familia imenituma nisome kwa sababu sauti yangu inafika ufukweni bila kipaza sauti, na kwa sababu haya yote niliyaona mwenyewe kwa macho yangu, hata kuzaliwa kwake, ingawa alinitangulia duniani miaka kumi na moja, na mwenye ubishi asubiri tumalize kuzika.

Marehemu Tekinaiti alizaliwa tarehe 14 Machi 1958 hapa Temangaua, kisiwani Nonouti, akiwa mtoto wa tatu wa mzee Burangke na mkewe Nei Rotia. Alianza shule ya misheni mwaka 1965, akaishia darasa la sita mwaka 1970, si kwa uzito wa kichwa, bali baba yake aliteleza kutoka juu ya mnazi akavunjika nyonga, na kotama, kisu cha kugemea, ikahamia mkononi mwa mtoto wa miaka kumi na miwili, naye akagema asubuhi na jioni kwa miaka arobaini na sita, akiimba kileleni kama wagema wetu wote, ila yeye aliimba vibaya kuliko wote, hilo hata mjane analijua.

Tarehe 22 Agosti 1981 alifunga ndoa na dada yangu Nei Kaiarake, wakajaliwa watoto watano, Tebano, Nei Maruia, Nakibae, Nei Teretia na Moanataake, na wajukuu kumi na mmoja.

Mwaka 1990 alipanda minazi arobaini upande wa ndani, juu ya kifusi cha matumbawe kilichotolewa wakati wa kuchimba njia ya mitumbwi, na katika kila shimo aliweka makopo yenye kutu kama tulivyofundishwa na baba zetu, lakini majani yaliyooza hakuweka, kwa kuwa mwaka ule mimi nilikuwa naoa, na majani yote ya kijiji yalikwenda kulisha babai, yale magimbi yetu ya mashimoni, ili karamu yangu isiaibike, na kweli haikuaibika, gimbi moja lilibebwa na wanaume wanne. Minazi ikakua, lakini kufika mwaka 1998 makuti machanga yalikuwa yanatoka ya njano, kisha meupe kama karatasi, vidaka vikidondoka kabla ya kuwa dafu, na hofu ikaingia kijijini kwamba ni ugonjwa, utaruka kwa jirani, na kisiwa kisicho na minazi ni mchanga tu.

Bwana shamba alikuja kutoka Tarawa, kwenye ofisi za serikali, akatuketisha marehemu na mimi chini ya minazi ile, akatueleza kwamba chokaa ya matumbawe inafunga chuma ardhini kama sanduku lenye kufuli, mnazi unakanyaga kutu na bado unakosa chuma, kwamba majani yanayooza ndiyo huwa ufunguo, akaacha kopo la chumvi ya chuma, ya kijani, akaondoka na boti. Marehemu akamwaga nusu ya kopo shinani kwa haraka ya kuokoa mali yake, na kwa siku mbili chokaa ikaifunga hiyo nayo, mchanga ukawa mwekundu na minazi ikabaki njano.

Jumamosi tarehe 6 Juni 1998 maneaba ilikaa, na mzee Kaitara, aliyekuwa na neno la mwisho, akasema minazi yote arobaini ikatwe na kuchomwa kabla ya jua kuzama. Marehemu alikuwa na watoto watano na hakuwa na ardhi nyingine. Akasogea mbele, akasema, "Wazee wangu, hii minazi haiumwi, ina njaa tu. Nipeni muda niilishe," kisha akaiweka kotama yake juu ya mkeka wa wazee, maana yake akishindwa hatapanda tena mnazi maisha yake yote. Kaitara akaichukua kotama ile, akampa wiki kumi.

Sasa sikilizeni akili ya mgema. Alisema mti unaotoa tembo tone kwa tone kwenye karara iliyokatwa, lazima unaweza na kunywa tone kwa tone, basi akafukua, akatafuta mzizi mchanga wenye unene wa penseli, akaukata kwa mshazari kama anavyokata karara, akautumbukiza kwenye chupa yenye chumvi iliyobaki na maji ya kisima, na kesho yake maji yalikuwa rangi ya kutu na mzizi haujanywa kitu, kwa kuwa kisima chetu nacho ni chokaa tupu. Yalitakiwa maji ya mvua, na ulikuwa mwaka wa ukame, pipa la nyumbani limebaki robo. Dada yangu akampimia chupa arobaini, yeye na watoto wakanywa maji ya kisima yenye chumvi, na akamtilia siki ya tembo lililochacha ili chuma kisigande. Safari hii chupa zikapungua, taratibu, kidole kwa kidole.

Wiki ya sita hakuna kitu, ya nane hakuna kitu, minazi sita ikafa kabisa, na watu wakaacha kumsalimu. Mnazi hutoa kuti moja kwa mwezi hivi, na kuti jipya hujificha katikati ya kilele, mtu wa chini halioni. Asubuhi ya tarehe 15 Agosti vijana walifika na mashoka, Kaitara akamkataza marehemu asipande kwa sababu hana kotama, akanielekeza mimi kwa fimbo.

"Wewe panda. Na usimdanganye mtu kwa sababu ya dada yako."

Nilipanda haraka kuliko mtu yeyote wa Nonouti kabla au baada, nikatenganisha makuti ya njano, nikaona lile la katikati, kijani, kijani ya mwani, nikalikata ncha nikashuka nalo mdomoni. Kaitara akalisugua kwa kidole gumba, akalinusa, akamwambia marehemu, "Nenda kachukue kotama yako, bwana. Jioni inakaribia na hujagema."

Minazi thelathini na nne ilipona, na ndiyo iliyosomesha watoto wale watano.

Kisukari kilimpata mwaka 2016, mguu wa kushoto ukakatwa 2021, na alifariki nyumbani kwake Alhamisi tarehe 9 Novemba 2023, saa kumi alasiri. Familia inawashukuru wauguzi wa zahanati yetu, daktari aliyemhudumia Tarawa, majirani mliopika, na wagema wenzake mlionyamazisha nyimbo zenu siku tatu.

Na kwa kuwa mwili uko hapa mbele yangu, kuna neno moja nimelitunga. Siku ile kwenye maneaba marehemu hakusema chochote. Aliweka kotama mkekani, akarudi, akainamisha kichwa. Yale maneno ya njaa ni yangu mimi, nilikuwa nayo mdomoni, bwana shamba alinieleza mimi kama alivyomweleza yeye, na nilikuwa na haki ya kusema pale kwa nafasi aliyoniachia baba yangu, nikamwogopa Kaitara nikakaa kimya. Leo nimeyasema mbele yenu wote. Shuka salama, shemeji, upumzike.